Mwavuli wa Kiranja Mkuu

Msiniulize nchi yenyewe ni ipi. Inajijua, na ikisoma haya itatazama pembeni ijifanye haikuitwa. Mimi naitwa Mshamu Kitwana, mwananchi mwema, mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya kijiji cha Jiwerefu. Kazi yangu ni kuhakikisha kila mkubwa anayefika kwetu anakuta ngoma, maua, na kiti chenye mto. Kuhukumu serikali si kazi yangu. Nasimulia tu nilichokiona, na mkicheka, mcheke kwa adabu.

Nchi yetu inaongozwa na Kiranja Mkuu wa Taifa. Tunampenda. Tunampenda kwa mujibu wa sheria, lakini tunampenda. Na katika sheria zote zinazohusu kumpenda, kubwa kuliko zote ni Sheria ya Kimo, inayosema kwamba picha ya Kiranja Mkuu itundikwe kila penye mali ya serikali, na kwamba kitu chochote cha mahali hapo kisikae juu yake. Isiwe saa, isiwe kalenda, asiwe mjusi. Ndiyo maana katika ofisi zetu saa ya ukutani iko usawa wa goti, na anayetaka kujua ni saa ngapi anachuchumaa. Shuleni kwetu mwalimu wa hesabu, aliyejaliwa urefu, anafundisha amekaa. Siku kunguru alipotua juu ya bendera ya ofisi ya kata, mgambo alimkimbiza mpaka kijiji cha tatu, na aliporudi, akihema juu juu, akapandishwa cheo.

Paa lilileta utata kidogo. Paa liko juu ya picha, hilo halifichiki. Baraza la Mawaziri lilikaa vikao kadhaa, likaona kwamba bila paa picha italowa, likaamua paa lihesabiwe kuwa sehemu ya mbingu. Tulishukuru sana, maana wengine tulikuwa tumeshaanza kubomoa.

*

Sasa, nguzo za umeme wa taifa ziliondoka mjini kuja kwetu tangu mimi ni kijana mwenye nywele. Zikachoka njiani, zikaishia kwa shemeji yake waziri mmoja. Hatukulalamika, shemeji ni shemeji. Lakini mwaka huu serikali ikatukumbuka, ikatuletea sola kwa ajili ya zahanati: paneli moja kubwa, betri, taa za chumba cha uzazi, na friji la kuhifadhia chanjo.

Aliyefurahi kupita wote ni Nesi Kuruthumu. Huyu ni mwanamke wa makamo, mfupi, na ulimi wake haujui foleni. Zahanati nzima ni yeye: ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mfagizi, na mgonjwa anayejifanya anaumwa anaponea mlangoni akimwona. Alikuwa ameomba friji tangu alipohamia kwetu, na kila mwaka akijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa kwa moyo mkunjufu. Siku fundi alipopanda juu, akafunga paneli, friji likanguruma, alicheka peke yake mpaka tukaingiwa na wasiwasi. Jioni yake watoto wa Jiwerefu walilamba barafu kwa mara ya kwanza. Mmoja alilia akisema inauma.

Raha hiyo haikufika hata Ijumaa ya pili. Afisa itifaki wa wilaya alipita, akasimama barabarani, akatazama juu. Paneli ni mali ya serikali. Paneli iko juu ya picha iliyomo ndani. Na paneli, tofauti na paa, haikutajwa popote kuwa sehemu ya mbingu. Yule bwana alishika kiuno, akatoa jasho, akasema kosa hili likijulikana litatumaliza wote. Kesho yake akarudi na lori.

Ndani ya lori mlikuwa na picha ya Kiranja Mkuu, kubwa kama lango la zizi la ng'ombe, imewekwa juu ya miguu minne ya chuma. Wakaipandisha paani. Miguu miwili huku ya paneli, miwili kule, na picha yenyewe ikalala juu yake, imeinama kidogo mbele ili Kiranja Mkuu aonekane anamwangalia mwananchi anayepita. Ilipendeza. Niliitisha ngoma. Na kivuli cha picha ile kikaifunika paneli yote, kuanzia jua linapochomoza hadi linapokaribia kuzama.

Kuanzia siku hiyo friji likawa kabati. Taa zikawa zinatoa mwanga wa kuonyesha tu kwamba zipo. Nesi Kuruthumu alifungua mlango wa friji, akatia mkono, akasema uji wa jana una baridi kuliko hili.

Kila mtu alijua sababu. Kuku walijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Muuza nyama wetu, Salehe Mbonde, ndiye aliyeropoka pale sokoni kwamba ni ile picha inayoizuia sola. Akachukuliwa kwenda semina ya uelewa. Alikaa huko mpaka mkewe akaanza kuuza nyama mwenyewe, na kwa faida. Aliporudi alikuwa amenenepa, amevaa fulana na kofia, na tangu hapo ukimuuliza chochote kuhusu umeme anakujibu kwamba asante, amekunywa soda.

*

Tungevumilia. Kuvumilia ndiyo fani yetu. Ila ikaingia surua kijiji cha jirani cha Kilimajembe, na surua haina simile. Tulisikia watoto wameanza kulazwa, tukasikia na habari nyingine ambazo sitaki kuzirudia hapa. Wilaya ikatuma ujumbe kwamba gari la chanjo litafika Jiwerefu baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, lakini likikuta friji halina baridi halitaacha hata kichupa kimoja. Litageuza. Chanjo hiyo, ikipata joto, ni sawa na maji ya bomba.

Mimi nina mjukuu, mtoto wa binti yangu Zaituni, anaitwa Sikudhani. Wakati huo alikuwa anatambaa, anakula mchanga wa uani kwa bidii, na akiniona ananicheka na meno yake mawili. Hakuwa amechanjwa. Nilipousikia ujumbe ule niliogopa. Mimi, niliyewapokea mawaziri bila kutetemeka, nilikaa kwenye kigoda changu nikasahau hata kuitikia salamu za wapita njia.

Nikaomba wizarani tuletewe mtaalamu. Nasema kweli, walimleta haraka. Akaja Mhandisi Dokta Evarist Lupogo, wa Wizara ya Nguvu na Ufanisi, kijana mpole mwenye miwani, na vyombo vya kupimia vimejaa sanduku. Alipanda ngazi. Akaitazama picha. Akaitazama paneli. Akaitazama tena picha, akapiga saluti, akashuka amelowa shati. Kisha akatukusanya na kutupa matokeo ya uchunguzi.

Alisema tatizo ni jua. Jua la Jiwerefu, alisema, linakuja kwa wingi mno na bila mpangilio, na halijapata mafunzo. Hata hivyo, sayansi ya kisasa haitazami wingi wa umeme, inatazama ufanisi, na ufanisi ni uwiano wa mnachopata na mnachotaka. Mnachopata, alisema akikwepa kutazama juu, kwa sasa hakibadiliki. Basi punguzeni mnachotaka.

Tukapunguza. Tukazima taa, akapima, ufanisi ukapanda. Tukachomoa simu ya mwenyekiti wa kijiji, ukapanda tena. Mwisho Nesi Kuruthumu, kwa mkono wake mwenyewe na uso umemvimba, akachomoa friji. Hatukutaka chochote, na hatukupata chochote, na mhandisi akatangaza kwamba tumefikia asilimia mia. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyeongoza makofi, ndiyo kazi yangu.

Mhandisi alipokuwa anafunga sanduku lake, Nesi Kuruthumu alimsogelea. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Dokta, na chanjo ya watoto?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Dada yangu, mimi nina watoto wawili."

"Mimi ninao wa kijiji kizima," akasema nesi, akamwacha hapo.

*

Ripoti ya asilimia mia ikapanda ngazi za wizara. Kila ilipofika waliipongeza, na juu kabisa ikagundulika kwamba hakuna kijiji katika nchi yetu, wala katika nchi jirani zenye kiburi, kilichowahi kuwa na ufanisi wa namna hiyo. Tukaletewa habari kwamba Naibu Waziri, Mheshimiwa Adelard Mtitu, atakuja mwenyewe kutukabidhi kombe. Siku yenyewe ni Jumatano. Kesho yake ndiyo Alhamisi ya gari la chanjo.

Nikaanza kazi yangu: ngoma, maua, kiti chenye mto. Jumanne Nesi Kuruthumu akanifuata nyumbani. Hakukaa.

"Mzee wangu, niweke kwenye ratiba."

Nikamuuliza atasema nini.

"Neno la shukrani tu."

Namjua yule mwanamke. Katika maisha yake hajawahi kusema neno moja la shukrani likaishia hapo. Nikaona semina, nikaona fulana na kofia, nikaona na kazi yangu ya mapokezi anapewa mtu mwingine asiyejua hata kupanga viti. Nikataka kumwambia ratiba imejaa. Basi Sikudhani akatambaa mpaka miguuni pake, akashika upindo wa kanga yake, akajaribu kuula. Nesi akamnyanyua, akamfuta mchanga mdomoni, akanikabidhi. Nikamweka kwenye ratiba, baada ya hotuba na kabla ya pilau.

*

Jumatano jua liliwaka kama limetumwa. Mheshimiwa Mtitu akashuka garini, mtu mnene, mcheshi, na nyuma yake kijana wa usalama aliyebeba mwavuli mkubwa mweusi. Mheshimiwa akienda, mwavuli unakwenda. Mheshimiwa akikaa, kijana anasimama nyuma ya kiti na mwavuli uko palepale juu ya kichwa chake. Sisi wengine tulikuwa tunaiva.

Hotuba ilikuwa tamu. "Ndugu wananchi," alisema, "mataifa makubwa yanahangaika usiku na mchana kuzalisha umeme mwingi. Ninyi mmewazidi akili. Ninyi mmezalisha ufanisi mtupu, bila kuuchafua na umeme." Akasema watoto wetu watasoma habari za Jiwerefu vitabuni. Akasema ufanisi ni hali ya moyo. Mpiga picha wa televisheni ya taifa alikuwa anarekodi kila neno, na Mhandisi Lupogo, aliyeketi kando, alikuwa anajipepea na cheti chetu.

Nikasimama, nikakohoa, nikamkaribisha Nesi Kuruthumu kwa neno fupi la shukrani. Nilisisitiza neno fupi.

Nesi akapiga goti kwa heshima zote. Akashukuru kwa kombe, akashukuru kwa hotuba, akashukuru kwa vumbi la magari. Halafu akasema ana hofu moja rohoni, na hofu ya mwananchi mwema haifichwi.

"Mheshimiwa, wewe umekaa nasi muda mfupi tu, na wamekufunika mwavuli. Ni haki yako. Lakini Kiranja Mkuu wetu yuko pale juu ya bati kwa miezi sasa. Jua lote la Jiwerefu ni lake. Ameungua, Mheshimiwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemfunika."

Watu wote tukageuza shingo kutazama juu. Jamani, kuzoea ni kubaya. Tulipita chini ya ile picha kila siku na hatukuwa tumeitazama. Rangi ilikuwa imekwenda na jua. Pua ya Kiranja Mkuu haikuwepo. Sikio moja lilionekana kwa mbali, na zile medali za kifuani zilikuwa zimegeuka ukungu. Mpiga picha wa televisheni, masikini, kwa mazoea ya kazi akainua kamera kuelekea kule.

"Shusha hiyo," akasema Mheshimiwa Mtitu, na sauti haikuwa ile ya hotuba. Uso wake ulibadilika rangi. Kiongozi wa nchi hana pua, na naibu waziri amekaa chini yake kivulini, anatoa kombe. Hata mimi nisiyejua siasa nilielewa hesabu aliyokuwa anaipiga. Akamgeukia afisa itifaki, akamwuliza kwa nini Kiranja Mkuu hakuwekewa mwavuli. Afisa itifaki akajibu kwamba Sheria ya Kimo hairuhusu kitu kukaa juu ya picha.

Pilau ilikuwa inaanza kuungua na hakuna aliyethubutu kwenda kuigeuza. Nesi Kuruthumu alikuwa bado amesimama pale mbele, maana hakuna aliyemwambia akae.

"Mheshimiwa, mimi sijui sheria," akasema. "Ila tangu enzi za babu zetu, kila mwenye enzi alitembea chini ya mwavuli, na mwavuli ulikuwa juu yake. Sijapata kusikia mtu akiuamkia mwavuli shikamoo."

Naibu Waziri akainua macho, polepole, akautazama mwavuli uliokuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Kisha akamtazama kijana aliyeushika, kama anayehakikisha kwamba kijana yule hajawahi kujiona mkubwa. Nikaona mabega yake yanashuka. Akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeokolewa kisimani, kwamba hilo alikuwa analifikiria tangu asubuhi. Mwavuli si kitu kilicho juu ya mkubwa. Mwavuli ni heshima ya mkubwa. Akataka mwavuli upatikane hapo hapo, mpana, usiopeperushwa na upepo, unaostahimili jua miaka.

Hapo Mhandisi Dokta Lupogo akasimama.

"Kitaalamu, Mheshimiwa," akasema, "kipo kifaa pale paani chenye sifa hizo zote. Ni kipana, ni kigumu, na kadiri kinavyopigwa na jua ndivyo kinavyofurahi."

Wakapanda mafundi. Picha ikashushwa kutoka juu ya miguu ya chuma, paneli ikapandishwa juu ya miguu ileile, na picha ikafungwa chini yake, kivulini, ikitazama barabara. Mheshimiwa Mtitu akakata utepe, akaizindua rasmi kwa jina la Mwavuli wa Heshima. Niliitisha ngoma mpaka nikapoteza sauti. Katikati ya ngoma nikamwona Nesi Kuruthumu anaingia zahanati bila kuaga, na baada ya kitambo kidogo, wakubwa wakiwa wanakula pilau yenye ukoko mwingi, nikasikia kitu kinanguruma ndani. Mheshimiwa akauliza ni sauti ya nini. Salehe Mbonde akawahi kujibu kwamba ni mwavuli.

*

Alhamisi gari la chanjo likafika. Bwana aliyekuja nalo akatia kipimajoto ndani ya friji, akangoja, akakitoa, akakisoma, akakisoma tena. Akaanza kushusha maboksi. Zaituni alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa sababu nilimpeleka alfajiri na kiti changu cha wageni, kile chenye mto. Sikudhani alichomwa sindano, akanyamaza kwanza kwa mshangao, kisha akapiga yowe lililowaamsha punda wa jirani. Nikacheka huku machozi yananitoka. Nesi akaniambia nitoke nje, nawaharibia watoto. Surua ilifika Jiwerefu baada ya hapo, ikabisha hodi nyumba mbili tatu, ikaona haina kazi, ikaondoka.

Mengine mmeyasikia. Kiranja Mkuu alipoelezwa kwamba kuna kijiji kinachojali ngozi yake, aliguswa. Ikatoka amri kila picha yake, katika kila zahanati na kila shule, ifunikwe Mwavuli wa Heshima wa aina ya Jiwerefu. Miavuli ikasambazwa mpaka vijiji ambavyo serikali ilikuwa imesahau majina yake. Wizara ya Nguvu na Ufanisi imetoa taarifa ya mwaka ikisikitika kwamba umeme wa jua vijijini umeshindwa kabisa, haupo hata sehemu moja. Idara ya Itifaki nayo imetoa taarifa yake kwamba miavuli inakwenda vizuri, ila inanguruma kidogo. Mhandisi Lupogo amehamishiwa huko, ndiye Mhandisi Mkuu wa Miavuli, na kila sikukuu anampigia simu Nesi Kuruthumu kumsalimia. Lile kombe la ufanisi tunanyweshea kuku.

Kwa hiyo mkipita kwetu mkaulizwa kama Jiwerefu kuna umeme, jibuni hapana, maana ndivyo taifa linavyojua. Tuna mwavuli tu. Lakini mwenye mtoto ambaye hajachanjwa amlete Alhamisi, dawa iko kwenye baridi yake na Nesi ana mkono mwepesi. Na ukifika mlangoni inua uso, umwamkie Kiranja Mkuu. Yuko pale chini ya mwavuli, kivulini, pua yake wameichora upya. Anapumzika, na tangu tumpumzishe, mambo yetu yanakwenda.